Kile Kinachong'aa Kikopey

Eburru,
12 Januari 2025

Wangare, jina langu,

Kwani huko Olkaria wamekufunga kamba miguuni? Tangu mwezi wa nane sijaona hata kivuli chako. Krismasi nilichinja yule jogoo mwekundu, nikakuwekea paja, nikangoja mpaka mafuta yakaganda, nikampa paka. Paka amenenepa kwa sababu yako. Na usianze kuniambia "kazi, Shosho, kazi." Huo mvuke unachemka wenyewe chini ya ardhi, hauhitaji wewe uupulizie.

Usiulize kwa nini simu yangu haiingii. Imezima. Nilikuwa naipeleka kwa Kimaiyo pale senta aichaji, lakini kila nikifika anapaza sauti: "Shosho, si mjukuu wako ndiye anatengenezea Kenya nzima stima?" Watu wanacheka. Nimeacha kwenda. Mvuke wa hapa Eburru nauweka kwenye bomba, unapoa, unatonatona, unanipa maji ya kunywa, na huyo mvuke wako wa huko unawapa watu wa Nairobi taa. Mimi niko katikati na kibatari. Kwa hivyo barua hii ananiandikia Jerop wa duka la dawa za mifugo (simu anayo, lakini kwa simu utanikatiza), na nimemwambia aandike vile ninavyosema, asipake sukari. Ataitia kwenye lori linaloleta chakula cha ng'ombe, dereva aishushe Naivasha.

Sasa sikia. Jumamosi tulienda Kikopey, binti ya Kiarie alikuwa anatolewa mahari. Tulipomaliza kula, Gachambi, mama ya mama yako, akasimama akasema wamama wote tupite kwake tunawe mikono. Kunawa mikono! Maji yalikuwa pale pale kwa Kiarie, ya moto. Alitaka tuone paa.

Tumeona paa. Paneli nne za sola, zinameremeta kama paji la mtu aliyezidisha mafuta. Ndani kuna taa kila chumba. Hata choo kina taa, Wangare! Mtu wa umri wake anataka kuona nini huko? Televisheni inaongea peke yake, hakuna anayeijibu. Halafu akashika kiuno mbele ya wamama wote akasema, "Wangare wangu ndiye alipanda juu akafunga. Wangare wangu ndiye alinichagulia."

Wangare wake!

Wewe ni binti wa kwanza wa mwanangu Mwaura, na binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba. Wa pili ndiye wa mama ya mama. Hivyo ndivyo tumefanya tangu zamani. Sikuomba, sikuiba. Wewe ni mimi. Sasa mimi ambaye ni wewe napenga masizi ya mafuta ya taa kila asubuhi, na yeye ambaye si wewe ana taa chooni.

Na mimi umenitumia nini? Karatasi. Jerop amenisomea. Ati nichague sola ya kukodi au ya kununua, na wewe unaonelea nikodi. Kwa Gachambi umenunua, kwangu unakodi. Kwani mimi ni viti vya harusi, vya kurudishwa Jumapili?

Nijibu kwa neno moja. Ulimnunulia au hukumnunulia? Na unywe maziwa, mara ya mwisho shingo yako ilikuwa kama ya korongo.

Ni mimi,
Shosho yako Wangare
(mkono ni wa Jerop)


Olkaria,
21 Januari 2025

Kwako Shosho,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama kando ya bomba linalonguruma, na bado nikakusikia wewe zaidi. Pole kwa jogoo. Pole kwa paja. Mwambie paka sitasahau.

Neno moja ulilotaka ni hili: hapana. Sikumnunulia Shosho Gachambi. Hata shilingi yangu moja haiko juu ya lile paa. Nilikuwa nimepita Kikopey kuchukua kitu, nikamkuta fundi wa kampuni anafunga paneli, na jinsi alivyoshika nyaya sikuipenda. Nikapanda ngazi nikamsaidia. Ni hayo tu. Kama amesema "Wangare wangu", ni furaha, Shosho, si wizi.

Sasa tuongee juu ya zako, kwa sababu kibatari kinakuumiza kifua na mimi sitaki tena.

Ukikodi, paneli zinabaki kuwa mali ya kampuni. Zinalipiwa kila mwezi, na mlipaji ni mimi. Betri ikifa wanaleta nyingine. Kila baada ya miezi mitatu fundi wao anakuja kupangusa paneli na kukagua nyaya. Ukinunua, unalipa mara moja na ni zako mpaka uzirithishe, lakini kikiharibika kitu ni juu yako. Unajua Eburru ilivyo: ukungu mpaka saa nne, halafu vumbi. Paneli chafu haishiki jua. Nani atapanda kuipangusa? Wewe? Nakujua, ndiyo maana naogopa.

Nakuomba ukodi. Nataka kuwe na mtu wa kuja.

Kampuni itamtuma kijana anaitwa Maxwel, Alhamisi ya wiki ijayo, apime paa. Mpokee vizuri. Msalimie Jerop.

Wako,
Wangare


Eburru,
2 Februari 2025

Wangare,

Huyo Maxwel alikuja. Kijana mzuri, viatu vibaya. Nilimpa uji kwanza, maana alikuwa ametembea kutoka senta na midomo ilikuwa imempasuka kwa baridi. Akaanza kuuliza huku anabonyeza simu.

"Mathe, hii nyumba ni yako?"

"Ni ya nani, ya serikali?"

"Na uko na miaka ngapi?"

"Unataka kunioa?"

Akacheka, akasema ni ya fomu tu. Fomu! Nikamwambia aisome yote kwa sauti. Akasoma. Shosho Wangare, miaka themanini. Mkataba, miaka mitatu. Nikamuuliza miaka mitatu imetoka wapi. Akasema, "Mjukuu ndiye alichagua, mathe. Alisema mitatu inatosha."

Inatosha!

Nikifika themanini na mitatu mtaniweka wapi, Wangare? Yaani umekaa na kijana wa viatu vibaya mkanipimia siku, kama seremala anayepima mbao za jeneza na mtu bado anakohoa? Gachambi ana sabini na minane na sijasikia mtu akimhesabia. Unasema hukumnunulia. Sawa. Lakini ulimpandia paa. Kwangu umenipandisha kwenye fomu.

Na kuna lingine. Fomu inataka mtu wa kupigiwa kukitokea jambo. Nilijua ni wewe. Maxwel akasoma: "Jerop wa duka la dawa za mifugo, Eburru." Jerop mwenyewe hapa ninapomwambia aandike hili kalamu imemsimama. Hakuulizwa. Kwa nini si wewe? Umekataa hata kupigiwa simu?

Nimemfukuza Maxwel. Kwanza nilimwongezea uji, kwa sababu njia ni ndefu na mama yake simjui, halafu nikamfukuza.

Unasema unataka kuwe na mtu wa kuja. Mimi sikukuomba mtu. Nilikuomba wewe.

Ni mimi,
Shosho yako, ambaye bado anapumua


Eburru,
8 Februari 2025

Dada Wangare,

Shosho hajui ninaandika. Hii ni barua yangu mimi Jerop, na nitakuambia mambo mawili kisha nifunge.

La kwanza, juzi nilimkuta amesimama juu ya tangi la maji, ameshikilia bomba la mvuke kwa kanga. Nikapiga kelele. Akaniambia ninyamaze, anaangalia Kikopey. Anasema jua likigeuka alasiri anaziona paneli za Shosho Gachambi ziking'aa bondeni. Nikamwambia Kikopey ni mbali mno na hicho kinachong'aa ni mabati ya mahali pa nyama choma. Akasema, "Wivu una macho, Jerop. Wewe bado mtoto, utaona." Kila siku saa tisa anapanda. Nimemficha ngazi, amepata kreti ya soda.

La pili, Jumanne nilienda Gilgil kuchukua dawa za dukani nikakutana na Shosho Gachambi sokoni. Akanishika mikono yote miwili. "Mtaishi vipi huko juu Wangare wetu akienda Jibuti?" Nikajifanya ninajua. Nikasema tutazoea.

Sikuandika hilo popote wala sikumwambia Shosho. Lakini mimi ndiye mkono wake. Anakaa kwenye gunia la chumvi ya ng'ombe pale dukani kwangu, anauliza, "Kwa nini haji? Andika hivyo: kwa nini haji?" Na mimi naandika swali ambalo jibu lake ninalo mfukoni. Siwezi kuendelea hivyo. Mwambie. Usipomwambia, nitakosa pa kuangalia nikimwandikia.

Jerop


Olkaria,
14 Februari 2025

Shosho wangu,

Jerop, tafadhali msomee yote, hata pale utakapotaka kuruka.

Shosho, naenda Jibuti. Wanachimba visima vya mvuke huko kama hivi vyetu, na wamechukua mafundi sita kutoka hapa. Ni miaka miwili. Naondoka tarehe 22 mwezi wa tatu.

Kitu nilichopita kuchukua Kikopey ni cheti changu cha kuzaliwa. Kilikuwa kwenye sanduku la mama, na sanduku la mama liko kwa Shosho Gachambi. Nisingeweza kufanya pasipoti bila hicho. Aliuliza ni cha nini nikamwambia. Sikumchagua yeye nikakuacha wewe. Yeye ndiye aliyekuwa na sanduku.

Lakini si kweli kwamba sikupata nafasi ya kukuambia. Nilipata. Nilifika mpaka Gilgil mara mbili mwezi wa kumi na moja, nikanunua mkate wa kukuletea, nikageuka. Baba alipokwenda Juba kuendesha malori alisema miezi sita. Nilikuwa kidato cha pili. Nilikuona ukimwekea sahani mezani mwaka mzima, na ukiiosha ilhali haijaliwa. Hakuna aliyekuuliza, hata mimi. Sasa ni miaka kumi na mmoja na anapiga simu siku za sikukuu. Sikujua nitasimamaje mbele yako niseme "miaka miwili" kwa mdomo unaofanana na wa Baba.

Kwa hiyo nikatafuta sola. Ndiyo, ya kukodi, kwa sababu sitakuwepo wa kupanda paa. Ndiyo maana niliandika namba ya Jerop. Na ile miaka mitatu, Shosho, sikupima yako. Nilipima yangu. Nilitaka mkataba uwe mrefu kuliko safari, ili nikirudi niukute bado unaendelea na taa zako zinawaka.

Nilifikiri nikiacha mtu wa kuja, haitaonekana sana kwamba mimi siji. Sasa naona ilionekana toka mwanzo.

Chagua unavyotaka. Kodi, nunua, kataa. Lakini niambie kama nina ruhusa ya kuja kukuaga.

Wangare, jina lako


Eburru,
27 Februari 2025

Wangare, jina langu,

Barua yako ilifika Jumatano. Gachambi alifika Jumanne. Kwa hivyo nilijua kutoka mdomo wake kabla ya wako, na hilo sijakusamehe. Nitakusamehe mwezi wa tano.

Jerop amesoma yote bila kuruka. Alipofika kwenye sahani alitaka kuruka, nikamwambia arudi.

Sasa nikueleze Jumanne ilivyokuwa. Nilikuwa nakama ng'ombe. Nikasikia pikipiki, nikasikia "hodi", nikaijua sauti.

Nikasema, "Gachambi. Taa ya choo imekukosea nini?"

Akacheka! Mimi nilitaka akasirike. Ameshika mguu wa mbuzi umefungwa kwa gazeti, sketi imejaa vumbi, mifupa inamuuma kwa ile barabara, naye anacheka. Akakaa kwenye kigoda changu bila kuambiwa.

"Nimesikia umemfukuza kijana wa sola," akasema. "Nikaona nije tupange vile tutamuaga mtoto pamoja."

"Tutamuaga anaenda wapi?"

Akanitazama. Akaziba mdomo kwa mkono wote. Nikamwambia, "Toa mkono, Gachambi. Umeshamwaga, malizia."

Akamalizia. Jibuti, miaka miwili, cheti, sanduku. Nilimsikiliza huku maziwa yanamwagika kando ya ndoo. Unadhani nililia? Sikulia. Niliuliza swali la kijinga, kwa sababu lilikuwa la kwanza kufika. Nikasema, "Na paneli zako, ni yeye alinunua?"

"Ni za kukodi," akasema. "Nalipa mwenyewe, nauzia wenye nyama choma mbuzi. Siku kampuni ikitaka itapanda ichukue vitu vyake."

"Na mbona ulitutembeza kama mwenye mali?"

Akasema, na hapa Jerop andika polepole: "Wangare, na mimi nina nini cha kuonyesha? Nilizaa binti mmoja. Yeye akazaa mmoja, akatutoka mtoto akiwa na miaka minne. Wa pili ndiye angekuwa Gachambi. Hakuzaliwa. Nikiingia kaburini jina langu linaingia na mimi, hakuna wa kuitwa hilo aitike. Lako limeandikwa kwenye pasipoti, litapanda ndege. Nimesema 'Wangare wangu' siku moja mbele ya watu, umeninunia mwezi mzima."

Niliacha ndoo nikaenda kuchochea moto.

Miaka ishirini na saba, Wangare. Tangu siku ile ulipozaliwa nikapiga vigelegele vitatu na yeye akiwa kando ameshika maji ya kukuosha. Nilidhani alikuwa amechoka. Hakuwahi kusema. Mimi naona taa mara moja, napanda tangi na kuandika barua. Wivu wangu ni wa kukodi. Wake ndio wa kununua, umekaa juu yake miaka yote hiyo na hakuna fundi wa kuja kuangalia.

Tulipika ule mguu. Alikula mfupa, mimi sina meno ya kubishana.

Sasa uamuzi. Nunua.

Sitaki kitu juu yangu chenye tarehe ya kuondoka. Tarehe moja inanitosha, hiyo yako. Lakini iwe ndogo: paneli moja, taa tatu, na mahali pa kuchaji simu. Televisheni sitaki, siwezi kukaa na kitu kinachoongea na hakisikii. Yule ndama dume nimempatia mnunuzi, kwa hivyo nusu ni yangu na nusu ni yako, na jina la mwenyewe liandikwe langu. Maxwel nimemwita kwa simu ya Jerop, nikamwambia uji upo. Aliogopa kidogo, lakini atakuja. Kampuni yao inauza pia.

Nimemwambia asiifunge kwenye paa. Aisimike kwenye nguzo karibu na zizi, kimo cha mkono wangu ukiwa umenyooka. Kwani ni nani alisema lazima iwe juu? Wote mliangalia paa, hakuna aliyeangalia mikono yangu. Nitaipangusa mwenyewe. Gachambi amemtazama fundi wake akipangusa na ameshika kila kitu: kitambaa laini, asubuhi kabla kioo hakijapata moto, na maji yasiwe ya chumvi. Maji yao ya kisima huko Kikopey yanaacha weupe kwenye kioo. Haya yangu ya mvuke hayaachi kitu. Alipoyaona yanavyotona kwenye bomba aliomba mtungi mmoja aende nao. Nilimpa. Nilimpa mitungi miwili, ili asiseme mimi ni mchoyo.

Atakuwa anapanda huku kila mwezi. Anasema ni kukagua nguzo. Nimemwambia aje na nyama. Kwa hivyo yule mtu wako wa kuja amepatikana, na hana fomu.

Usidhani nimekuwa malaika. Usiku huo alilala hapa, na asubuhi akanionyesha picha yako na yeye kwenye simu, mmekaa mlangoni kwake mnakula mahindi. Wivu ukarudi pale pale. Nikamwambia mahindi yenyewe yalikuwa machanga.

Na Jibuti nenda. Mimi sikuzuii. Baba yako nilimfungia chapati kumi na mbili nikamwambia "nenda salama", sikumwambia "rudi", nilifikiri mtu anajua. Sasa wewe nakuambia: rudi. Jerop, liandike peke yake kwenye mstari.

Rudi.

Ukipata huko bibi mwingine wa kukumiminia chai, kunywa, lakini usiniambie jina lake.

Umeuliza kama una ruhusa ya kuja kuniaga. Swali gani hilo? Utakuja, na utakuja hivi. Shuka Kikopey kwanza. Lala kwa Gachambi. Ule kwake ushibe, ukae naye mlangoni pale watu wanapopita kwenda kununua nyama, na akiwaambia "huyu ni Wangare wangu", nyamaza, uitike. Aseme mara ngapi anataka. Mimi nitakuwa huku juu na sitasikia. Kesho yake asubuhi umchukue mkono mje naye wote wawili, na usipite saa nne, kwa sababu nikiona saa tano imefika nitajua amekuzuia, na nitashuka Kikopey mwenyewe nije nikuchukue.

Ni mimi,
Shosho yako Wangare
(mkono ni wa Jerop, ambaye analia kwenye karatasi yangu, usishangae madoa)